Muzee Félix Éboué na vita ya Wafaransa kwa Wafaransa

Sisi wa Bungulu tunajua vita ya ndugu kwa ndugu. Wafaransa nao waliipigana, tena juu ya udongo wa Afrika.

Éboué, mzao wa watumwa, alizaliwa Cayenne mwaka 1884. Alitumika miaka mingi Oubangui-Chari, jirani yetu wa kaskazini. Ujerumani iliposhinda Ufaransa mwaka 1940, serikali ya Vichy ilikubali masharti yake. Éboué, gavana wa Chad, akakataa: tarehe 26 Agosti akamfuata de Gaulle. Vichy wakamhukumu kifo.

Brazzaville ilifuata upesi. Gabon hapana: gavana Masson alikubali, kisha akageuka. Njo Novemba watu wa Leclerc na wa Vichy wakauana Lambaréné na Libreville. Kati yao kulikuwa askari weusi. Nani aliwauliza wako upande gani?

Kisha Éboué akawa gavana mkuu Brazzaville. Tusidanganyane, alitumikia ukoloni. Lakini mwaka 1941 aliandika kwamba desturi na wakubwa wa kienyeji waheshimiwe. Alikufa Cairo tarehe 17 Mei 1944. Mwaka 1949 Ufaransa ikamzika Panthéon, Paris, mbali na kwao Cayenne.