Askofu Festo na baba yangu mdogo

Likizo iliyopita nilishuka Kibondo kumsalimia bibi kabla ya kuendelea nyumbani Kasulu. Nikamkuta baba mdogo, yule aliyeuza shamba la marehemu baba na ada yangu ikapotelea humo. Nilimpa shikamoo ya mdomoni tu. Bibi aliona. Yeye ni mtu wa Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda ukaingia mpaka huku Buha, na usiku alinisimulia habari za Festo Kivengere. Nimerudi chuo nikamsoma.

Festo alizaliwa 1919 Kigezi, Uganda. Alikuwa mwalimu, kama tunavyosomea sisi wa elimu. Alipookoka, miaka ya mwanzo ya 1940, alipanda baiskeli akaenda mbali kwa mmisionari Mzungu aliyekuwa akimchukia, kumwomba msamaha. Hapo nilisimama kidogo. Kumbe hakuanza kwa kusamehe, alianza kwa kuomba. Baadaye yeye na mkewe Mera walihamia kwetu Tanganyika, akafundisha Alliance pale Dodoma, shule iliyokuja kuitwa Mazengo. Leo kuna Chuo Kikuu cha St John's, wenzetu wa huko wanapita njia zake bila kujua.

Mwaka 1972 akawa Askofu wa Kigezi, Idi Amin akiwa madarakani. Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji, naye Festo akiwemo. Tarehe 16 waliitwa Kampala. Wengine wakaruhusiwa kuondoka, Askofu Mkuu Janani Luwum akabakizwa. Festo alibaki nje akimsubiri rafiki yake mpaka askari wakamfukuza kwa bunduki. Luwum aliuawa siku hiyo, serikali ikasema ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Festo na Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda.

Watu wanapenda kurukia kitabu alichokiandika mwaka huohuo, ambacho jina lake linasema anampenda Idi Amin. Hata mimi jina lile lilinikera. Lakini kwanza alikuwa na uchungu wa kweli, na mwenyewe aliungama kwamba chuki ilikuwa inamkausha. Ilikuwa Ijumaa Kuu, akiwa kanisani London, ndipo alipotambua kwamba msalaba haukumtenga Amin. Tena hakunyamaza: huku amesamehe, aliendelea kuzunguka dunia akitaja mauaji yale waziwazi na kuwatafutia msaada wakimbizi wa Uganda. Sisi huwa tunadhani ukisamehe basi shauri limefutwa. Amin alipoangushwa 1979, jeshi letu likiwemo, Festo alirudi Kigezi. Alifariki Nairobi mwaka 1988.

Sasa baba mdogo. Shamba aliliuza, hilo sitalikana, na hati nataka wazee waiangalie. Ila kuna jambo ambalo bibi hakulisema ingawa nadhani analijua. Mwaka ule nilipokosa ada nilieneza Kasulu nzima kwamba baba mdogo ndiye aliyemloga baba. Sikuwa na ushahidi wowote, nilikuwa na hasira tu. Watu waliacha kununua maharage yake sokoni, na ndiyo maana siku hizi anaishi Kibondo kwa bibi.

Baiskeli sina. Nimeuliza nauli ya basi ya Desemba.