Lodi Delamere na Mkutano wa Tukuyu



Katika ukurasa huu tumezoea kuleta maisha ya watakatifu na wamisionari. Safari hii tunaleta habari za mtu ambaye hakuwa mtakatifu wala mmisionari, ila alikuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria la Kenya kwa miaka mingi, na mkubwa wa walowezi wote wa nchi ile. Jina lake halitajwi mara kwa mara huku ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, mipango yake ingalitimia, mambo ya ardhi na kazi hapa Ikola, Karema na Mpanda yangaliamuliwa na watu wa Nairobi wenye mashamba yao. Kwa hiyo yanatuhusu.

Mtu huyo ni Hugh Cholmondeley, Lodi Delamere wa tatu. Alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili 1870 katika jamaa ya wenye ardhi ya Cheshire. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 17, akarithi cheo na shamba. Shule hakuipenda sana; alichopenda ni farasi na bunduki. Tangu mwaka 1891 alikuwa akienda Somalia kuwinda simba. Siku moja simba alimrukia akamtafuna mguu, na mbeba bunduki wake, Msomali, akamvamia yule simba kwa mikono mitupu mpaka bwana wake akaokoka. Tangu siku ile Delamere alichechemea maisha yake yote.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alianza safari ndefu toka Somalia kupitia Uhabeshi, na mwaka 1897 akatokea kwenye nyanda za juu za Kenya. Alipoiona nchi ile ya baridi na majani mabichi, moyo wake ukabaki huko. Mwaka 1903 akarudi na mkewe, Lady Florence, kukaa moja kwa moja. Kamishna Sir Charles Eliot, aliyetaka sana Wazungu waje kulima kando ya reli mpya, akampa eka 100,000 huko Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Yeye na mkewe, watoto wa nyumba kubwa za Uingereza, wakakaa kwenye nyumba ya udongo na nyasi kama mtu yeyote wa kijijini kwetu.

Ni haki tuseme mema yake. Hakuwa mvivu, wala hakuja kula jasho la wengine akiwa amekaa barazani. Alileta kondoo toka ng'ambo, wakafa kwa maelfu. Wamasai walikuwa hawapendi kulisha mahali pale, na baadaye sababu ikajulikana: udongo ulikosa madini ambayo mifugo huyahitaji. Akaleta ng'ombe, nao wakapatwa na homa ya mapafu na ndigana. Akapanda ngano, ikaliwa na kutu. Mtu mwingine angalifunga mizigo yake. Delamere alimwajiri mtaalamu, akajenga maabara shambani, wakatafuta mbegu inayostahimili kutu mpaka wakaipata. Fedha zote zilikuwa zake, na zilipokwisha akakopa benki. Kilimo cha ngano cha Kenya kina deni kwake, na hilo hata wasiompenda wamelikubali.

Tena aliwapenda Wamasai. Alijifunza lugha yao, akawaweka kuwa wachungaji wake, akakaa nao jioni wakizungumza habari za ng'ombe. Wakimwibia alicheka. Lakini hapa ndipo tunaposhangaa. Mwaka 1904 Wamasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, wengine wakapelekwa kusini na wengine Laikipia kwa ahadi ya kuachiwa nchi hiyo daima. Haikupita miaka kumi, wale wa Laikipia nao wakahamishwa. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi yao ilikataliwa kwa maneno ya kisheria bila kusikilizwa haki yenyewe. Na shamba la pili la Delamere, Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, liko katika malisho yale yale ya zamani ya Wamasai. Mtu aweza kumpenda jirani yake, akala naye, akajua lugha yake, na bado akalala katika shamba lake bila kujiuliza.

Sasa tuingie katika siasa yake. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907. Delamere alikuwa miongoni mwa walowezi wachache walioteuliwa na Gavana kuingia humo. Mwaka uliofuata, walowezi walikasirishwa na masharti ya serikali juu ya kuajiri Waafrika. Wakaandamana mpaka nyumba ya Gavana wakimtaka ajiuzulu, na Delamere akiwa mbele yao. Akasimamishwa ujumbe, lakini baada ya muda mfupi akarudi. Ndivyo ilivyokuwa maisha yake yote: akijiuzulu kwa hasira, akirudi kwa nguvu. Mwaka 1920 nchi ilipofanywa koloni, Wazungu walipata kura ya kuchagua wajumbe 11, na Delamere ndiye aliyewaongoza. Waafrika hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika baraza lile mwaka 1944.

Msimamo wake waweza kuelezwa kwa maneno machache. Aliamini kwamba nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao, kwamba Wahindi wasiuziwe ardhi humo, na kwamba uongozi wa nchi utoke mikononi mwa wakubwa wa London uingie mikononi mwa walowezi wenyewe. Juu ya kazi alisema wazi kuliko wenzake. Mbele ya tume iliyochunguza habari za vibarua mwaka 1912 na 1913, alieleza kwamba Mwafrika akiwa na ardhi ya kumtosha hatatoka kwenda kufanya kazi kwa Mzungu. Kwa hiyo maeneo ya wenyeji yasiwe makubwa. Hakusema hivyo kwa chuki. Alisema kama mkulima anayehesabu maji ya mfereji. Kwetu hilo ndilo linalotisha zaidi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo hilo lilifika mlangoni mwa Kanisa. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize vijana, na hata wanawake na watoto, kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Kila mtu alijua kuhimiza kwa chifu ni nini. Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda, pamoja na Dk. Arthur wa misheni ya Waskoti, waliandika waraka wao. Waliona hatari na wakaomba ulinzi kwa wanyonge. Lakini walikubali kwamba kazi ya lazima yaweza kuwa halali ikiwekwa katika sheria na kusimamiwa vizuri.

Hao walikuwa maaskofu wa Kanisa letu. Hatuandiki haya kuwaaibisha, maana walikuwa watumishi waliochoka kwa kazi ya Mungu, nao waliishi katikati ya walowezi na kuwabatizia watoto. Lakini lazima tukumbuke kwamba sauti iliyokataa kabisa ilitoka upande wetu huu wa nchi. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliandika kitabu kidogo mwaka 1920 akikishtaki kitendo hicho mbele ya taifa lake mwenyewe, na hakukubali kamwe kwamba mtu huru alazimishwe kumtajirisha mtu mwingine. Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akalichukua jambo pamoja na Bwana J. H. Oldham wa vyama vya misheni, na mwaka 1921 Waziri wa Makoloni, Winston Churchill, akapiga marufuku maofisa kuwatafutia walowezi vibarua kwa nguvu. Kipande kilibaki na kodi ya kibanda ilibaki. Lakini mlango mmoja ulifungwa.

Mwaka 1923 ukaja ugomvi wa Wahindi na walowezi juu ya kura na ardhi. Baadhi ya walowezi walifikia kupanga kuasi na kumteka Gavana. Delamere akaenda London kuwatetea, akakodi nyumba na kuwakaribisha wakubwa kwa fedha za kukopa. Serikali ilipotoa uamuzi mwezi Julai, kila upande ulipata kidogo: nyanda za juu zilibaki za Wazungu, Wahindi wakapewa wajumbe watano. Lakini ndani yake likawekwa neno ambalo hakuna aliyekwenda kuliomba katika ugomvi ule, kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika kwanza, na faida yao itangulie. Neno hilo lilitokana na kazi ya Oldham na Askofu Mkuu. Delamere alirudi nyumbani akijua kwamba utawala wa walowezi hautapatikana Kenya peke yake.

Ndipo akatazama kusini, yaani kwetu. Tanganyika wakati ule ilikuwa chini ya Uingereza kwa dhamana ya Chama cha Mataifa, na walowezi wake walikuwa wachache. Delamere alifikiri hivi: kama Wazungu wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini wataungana, watakuwa taifa moja la Wazungu kutoka Nairobi mpaka Zambezi, na London haitawaweza. Akaanza kutafuta ardhi Iringa ili Wazungu waletwe wakae huko. Mwezi Oktoba 1925 akawaita wajumbe wa nchi hizo wakutane Tukuyu, kule Rungwe, mahali penye mvua na migomba. Yeye mwenyewe alisafiri kwa motokaa katika njia ambazo wakati ule hazikuwa za mchezo. Wakazungumza habari za reli, ardhi, vibarua na muungano. Wanyakyusa waliokuwa wakipita na mikungu yao ya ndizi hawakuulizwa neno.

Mkutano wa pili ulifanyika Livingstone mwaka 1926 na wa tatu Nairobi mwaka 1927. Gavana mpya wa Kenya, Sir Edward Grigg, aliutaka muungano, na Waziri wa Makoloni, Leo Amery, vile vile. Aliyesimama njiani alikuwa Gavana wa Tanganyika, Sir Donald Cameron. Yeye alikuwa na makosa yake, na utawala wake kwa njia ya machifu wazee wetu waliuonja utamu na uchungu wake. Lakini kwa jambo hili alikataa katakata, maana aliona kwamba Tanganyika ikifungwa pamoja na Kenya itavutwa na walowezi wa Kenya kama mtumbwi mdogo unavyovutwa na meli.

Ikaundwa tume chini ya Sir Hilton Young, na mmoja wa wajumbe wake wanne alikuwa yule yule Oldham. Taarifa yake ya mwaka 1929 haikuwapa walowezi walichotaka. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ikasikiliza mashahidi, na safari hii Waafrika waliitwa. Kutoka Tanganyika walikwenda London watu watatu: Mtemi Makwaia wa Usiha, Francis Lwamugira wa Bukoba na Mdachi Shariff. Tufikirie safari hiyo, meli, baridi, na chumba kile kikubwa cha mabwana. Walisema hawataki kuunganishwa na Kenya. Kamati ikaona kwamba wakati wa muungano haujafika. Mwaka 1945 mwana wa Makwaia, Kidaha, akawa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika.

Delamere alikuwa amechoka na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Lady Florence alifariki mwaka 1914, naye alioa tena mwaka 1928. Mwaka 1929 mfalme alimpa nishani. Tarehe 13 Novemba 1931 akafariki, mwenye umri wa miaka 61, akazikwa Soysambu. Aliacha deni kubwa sana benki. Fedha aliyoimwaga katika kondoo, ngano na siasa hakuirudisha.

Walowezi walimjengea sanamu Nairobi na kuita barabara kubwa kwa jina lake. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 sanamu iliondolewa ikapelekwa shambani kwake Soysambu, na barabara ikapewa jina la Kenyatta.

Askofu Weston hakuuona mkutano wa Tukuyu. Alifariki Hegongo, Magila, tarehe 2 Novemba 1924. Habari zake tutazileta katika toleo lijalo, Mungu akipenda.