Theodor Kocher: Daktari aliyewaita tena wagonjwa aliodhani amewaponya

MGONJWA wa tezi la shingo anayeishi Lupiro, wilayani Ulanga, huianza safari ya kwenda kupima damu alfajiri. Hupanda gari pale zinapogawana njia za Mahenge na Malinyi, akalivuka Daraja la Magufuli juu ya Mto Kilombero na kuingia Ifakara. Majibu yakirudi, huja na herufi tatu, TSH, na tarakimu pembeni yake. Wapo wanaoambiwa kuwa kipimo ni kizuri na dawa waendelee nayo kama ilivyo, ilhali mwili unasema jambo jingine: uchovu haujaisha, nywele zinanyonyoka, na baridi inawaingia hata katikati ya joto la bonde.

Daktari afanye nini pale kazi yake inapoonekana imefanikiwa lakini mgonjwa hajapona? Swali hilo lilimkabili daktari mmoja wa Uswisi zaidi ya miaka 140 iliyopita, kabla ya herufi hizo tatu kujulikana popote duniani. Jina lake ni Theodor Kocher.

Kocher hakuwahi kufanya kazi katika bonde la Kilombero, ingawa nchi yake si ngeni huko. Wamisionari Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi ndio waliohudumu katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, na Profesa Rudolf Geigy wa Basel ndiye aliyeanzisha mjini humo, mwaka 1957, maabara iliyokuja kuzaa Taasisi ya Afya Ifakara. Kocher alikuwa wa kizazi cha kabla yao.

Alizaliwa mjini Bern tarehe 25 Agosti 1841. Baba yake alikuwa mhandisi. Mama yake alikuwa mcha Mungu wa Kanisa la Moravian, ambalo wakazi wa Rungwe na Tabora wanalijua vyema, na malezi hayo hayakumtoka mwanawe hadi uzeeni. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1865, akaenda kujifunza upasuaji kwa mabingwa wa Zurich, Berlin, London na Paris, kisha akarejea nyumbani. Mwaka 1872, akiwa hajatimiza miaka 31, aliteuliwa kuwa profesa wa upasuaji wa Chuo Kikuu cha Bern na mkuu wa upasuaji katika hospitali ya Inselspital. Kiti hicho alikikalia kwa miaka 45.

Uswisi ya wakati huo ilikuwa nchi ya rovu. Udongo wa milimani umepungukiwa na madini joto, na bila madini hayo tezi la shingo huvimba likijitahidi kutimiza kazi yake. Mavimbe mengine yalikuwa makubwa kiasi cha kumbana mtu koo asiweze kupumua. Kuyakata kulikuwa sawa na kucheza na kifo. Katikati ya karne ya 19, takriban wagonjwa wanne katika kila kumi waliofanyiwa upasuaji huo walifariki, ama kwa kuvuja damu ama kwa vidonda kuoza. Wakubwa wa tiba nchini Ufaransa walikuwa wameulaani hadharani.

Kocher aliuchukua upasuaji huo na kuubadilisha. Hakuwa mtu wa haraka. Alifuata mafundisho ya Joseph Lister kuhusu kuua vijidudu, alifunga mshipa mmoja baada ya mwingine kabla ya kukata, na aliulinda mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Ilipofika mwaka 1883 alikuwa amefanya upasuaji wa aina hiyo 101, na vifo vilikuwa vimeshuka hadi kama 13 katika kila 100. Sifa zake zilivuka mipaka ya nchi.

Ndani ya sifa hizo kulikuwa na jambo asilolijua. Januari 1874 alikuwa amemfanyia upasuaji msichana wa miaka 11, akaliondoa tezi lote. Kidonda kilipona vizuri na mtoto akarudi kwao. Baada ya muda, daktari aliyemleta alimwarifu Kocher kwamba tabia ya mtoto imebadilika: amekuwa mzito, mvivu, na kazi za nyumbani hazifanyi ila kwa kushurutishwa. Habari hiyo haikufuatiliwa inavyostahili, na miaka ikapita.

Septemba 1882, katika mkutano mjini Geneva, daktari mwenzake Jacques-Louis Reverdin alimdokeza kuwa baadhi ya wagonjwa waliotolewa tezi lote walikuwa wakidhoofika kwa namna ya ajabu miezi kadhaa baadaye. Kocher alikumbuka taarifa ya yule msichana. Alipomwona tena alishtuka. Mdogo wake, ambaye zamani watu walimchanganya naye kwa kufanana, alikuwa sasa binti aliyekomaa na kupendeza. Yeye alikuwa amebaki mfupi, uso umevimba na akili imepooza.

Hapo ndipo Kocher alipofanya jambo ambalo wengi wa hadhi yake wangelikwepa. Aliwaita wagonjwa wake wa zamani warudi Bern mmoja mmoja, hata wale ambao vitabu vya hospitali vilionyesha kuwa wamepona. Kati ya waliotolewa tezi lote, 18 waliweza kuchunguzwa upya. Wawili tu walikuwa salama. Waliobaki 16 walikuwa na dalili zilezile kwa viwango tofauti: uchovu, mwendo wa polepole, baridi ya mikono na miguu, ngozi kavu, nyuso na viganja kuvimba, usemi mzito, na damu kupungua.

Kuna kinaya hapa ambacho wanahistoria wa tiba wamekizungumzia sana. Wapasuaji wenye pupa walikuwa wakiacha vipande vya tezi shingoni bila kukusudia, na vipande hivyo viliwaokoa wagonjwa wao. Kocher, kwa umakini wake, hakuacha chochote.

Aprili 1883 alisimama mbele ya wapasuaji wa Ujerumani mjini Berlin na kuyaeleza yote, akiwa ndiye mwenye makosa. Aliapa kutoliondoa tena tezi lote kwa sababu ya rovu la kawaida. Ni haki pia kusema kwamba hakuipata sababu yenyewe mara moja. Alidhani kwamba upasuaji ulilidhoofisha koromeo la hewa na hivyo mgonjwa akakosa hewa ya kutosha. Wazo kwamba dalili zote zilitokana na kukosekana kwa tezi lilitolewa na Felix Semon wa London, nalo lilidhihakiwa kabla ya kamati ya madaktari wa jiji hilo kulithibitisha mwaka 1888. Hata hivyo, Julai 1883 Kocher alikuwa amekwisha jaribu kumpandikizia mgonjwa kipande cha tezi la mtu mwingine, na baadhi ya wanahistoria wanakihesabu kitendo hicho kuwa mwanzo wa upandikizaji wa viungo.

Tiba ya kweli ilitoka kwa kondoo. Mwaka 1891 George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mgonjwa wake maji yaliyokamuliwa kutoka tezi la kondoo, na mama huyo akaishi miaka 28 zaidi. Siku ya Krismasi ya 1914, Edward Kendall wa Marekani aliitenga homoni yenyewe, thairoksini. Kidonge cha levothairoksini anachomeza mgonjwa leo ni homoni hiyohiyo, iliyotengenezwa kiwandani.

Sayansi iliyofuata ilieleza nini maana ya zile herufi tatu. TSH haitoki shingoni. Ni homoni ya tezi dogo la pituitari lililo chini ya ubongo, ambalo kazi yake ni kulihimiza tezi la shingo lifanye kazi. Homoni ya shingoni ikipungua, pituitari hupaza sauti na TSH hupanda; ikizidi, hunyamaza na TSH hushuka. Kwa hiyo namba kubwa maana yake dawa haitoshi au haifiki kwenye damu, na namba ndogo sana maana yake imezidi. Wengi hupotoshwa na hesabu hiyo ya kinyume. Kwa watu wazima wengi, maabara huchukulia kiasi cha 0.4 hadi 4 kuwa kiwango cha kawaida, ingawa kila maabara huandika mipaka yake na mama mjamzito huwa na yake.

Pituitari pia haina haraka. Dozi ikibadilishwa, huchukua wiki sita hadi nane kabla TSH haijatulia, na anayepima baada ya wiki mbili anasoma habari za zamani. Kwa aliyetibiwa tezi lililokuwa likifanya kazi kupita kiasi, TSH inaweza kubaki chini kwa miezi hata kama homoni zake zimekwisha pungua. Huyo anahitaji kipimo cha T4 pia. Vivyo hivyo kwa mwenye maradhi ya pituitari yenyewe, kwani kwake TSH haiaminiki.

Ikiwa namba inabaki juu ilhali dawa inamezwa, swali la kwanza ni namna inavyomezwa. Kidonge hiki hutaka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa, kahawa na soya hukizuia kufyonzwa. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, na vile vya kalisi, vinapaswa kukaa mbali nacho kwa saa nne. Joto la bondeni nalo huiharibu dawa iliyohifadhiwa ovyo.

Namba ikiwa nzuri na mgonjwa bado hajisikii vizuri, hajawa mwongo. Inakadiriwa kuwa watu 5 hadi 10 katika kila 100 wanaotumia levothairoksini hubaki na malalamiko ingawa TSH yao iko sawa, na madaktari bingwa wangali wakibishana kuhusu sababu. Kinachofanyika kwanza ni kutafuta mengine yenye sura hiyohiyo: upungufu wa damu, kisukari, malaria katika maeneo kama Kilombero na Ulanga, ujauzito, ukosefu wa usingizi, sonona. Kujiongezea vidonge kienyeji si dawa, kwani thairoksini ikizidi husumbua moyo na kudhoofisha mifupa.

Kocher naye aligeukia damu katika miaka yake ya mwisho. Mwaka 1908 alichapisha uchunguzi wa damu za wagonjwa ambao tezi lao hufanya kazi kupita kiasi, akionyesha kwamba chembe nyeupe za aina moja hupungua na za aina nyingine huongezeka, na akitarajia kuutambua ugonjwa mapema kwa njia hiyo. Alama hiyo haikuwa ya ugonjwa huo peke yake, na leo haitegemewi.

Mwaka 1909 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake juu ya tezi la shingo, akiwa mpasuaji wa kwanza kuipata. Baadaye alitoa fedha kuanzisha taasisi ya utafiti mjini Bern. Nadezhda Krupskaya, mke wa Lenin, alipasuliwa tezi na Kocher mwaka 1913. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha fanya upasuaji wa tezi karibu 5,000, na vifo vilikuwa vimeshuka hadi mmoja katika kila 200. Koleo lenye meno linaloitwa kwa jina lake lingali kwenye sinia za vyumba vya upasuaji, Ifakara ikiwa mojawapo.

Alifariki Bern tarehe 27 Julai 1917, vita kuu ya kwanza ikiendelea. Siku hiyo Mahenge, mlimani juu ya Lupiro, ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani; majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Oktoba mwaka huohuo.

Miaka mitano baadaye Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi, na rovu likaanza kuwatoka watoto wa milimani. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi kuanzia miaka ya 1980, na muongo uliofuata ikaweka sheria ya chumvi. Picha za yule msichana wa mwaka 1874, kabla na baada ya upasuaji, zingali zikichapishwa katika vitabu vya historia ya tiba.