Jean Purdy

Jean Marian Purdy (Cambridge, Uingereza, 25 Aprili 1945 – 16 Machi 1985) alikuwa muuguzi ambaye baadaye akawa mtaalamu wa kwanza wa kutunza viinitete vya binadamu katika maabara. Pamoja na Robert Edwards na Patrick Steptoe aliwezesha kuzaliwa kwa Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na yai lililotungishwa nje ya mwili wa mama.

Maisha na kazi

Purdy alisomea uuguzi katika hospitali ya Addenbrooke's, Cambridge. Mwaka 1968 aliajiriwa kama msaidizi wa Edwards katika maabara ya fiziolojia ya chuo kikuu. Wakati huo fani hiyo haikuwa na masomo wala cheti, hivyo aliijifunza mezani, kwenye hadubini. Steptoe, daktari wa magonjwa ya wanawake, alikuwa Oldham, zaidi ya kilomita 200 kutoka Cambridge, na kwa miaka mingi Purdy na Edwards walisafiri huko na kurudi. Yeye ndiye aliyeandaa maji ya virutubisho ambamo mayai yalihifadhiwa, akaweka kumbukumbu na kuwahudumia wagonjwa. Mama yake alipougua naye akalazimika kumuuguza, kazi ya Oldham ilisimama: maabara haikuwa na mtu mwingine wa kushika nafasi yake.

Mnamo Novemba 1977 yai moja lilitolewa kwa Lesley Brown, ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba. Purdy ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba limeanza kugawanyika. Lilirudishwa katika tumbo la uzazi likiwa na seli nane, na Louise akazaliwa tarehe 25 Julai 1978.

Mwaka 1980 watatu hao walianzisha kliniki ya Bourn Hall karibu na Cambridge. Jumba lenyewe alilipata Purdy, naye akawa mkurugenzi wake wa ufundi. Alifariki kwa saratani ya ngozi akiwa na umri wa miaka 39, akazikwa Grantchester.

Kutambuliwa

Kibao cha ukumbusho cha Oldham kilitaja wanaume wawili tu, ingawa Edwards aliwaandikia wakuu wa afya wa huko akipinga na kusema mchango wa Purdy ulilingana na wake. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2010 alipewa Edwards peke yake, kwa kuwa haitolewi kwa waliokwisha kufa. Steptoe alifariki mwaka 1988. Kibao chenye majina yote matatu kiliwekwa Oldham mwaka 2015.