Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Katika Siku za Wavandali

Wakristu wengi wanamjua Augustino kijana: machozi ya mama yake Monika, miaka ya kupotea, ubatizo wa Milano. Walio wachache zaidi wanamjua Augustino mzee, yule aliyeiona dunia ya baba zake ikianguka mbele ya macho yake, naye akabaki mahali pake. Habari za mzee huyo ndizo tunazozisimulia hapa.

Alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika Thagaste, mji mdogo wa nchi ambayo leo inaitwa Algeria. Alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa, na mtu wa Roma kwa sheria na kwa elimu. Wakati ule dola ya Roma ilizitawala nchi zote zilizoizunguka Bahari ya Mediteranea. Augustino alisoma Karthago, akafundisha huko ufasaha wa kunena, kisha Roma, kisha Milano. Askofu Ambrosio alimbatiza usiku wa Pasaka mwaka 387. Mwaka uliofuata alirudi Afrika, akitamani kuishi kitawa pamoja na rafiki zake. Lakini mwaka 391 waamini wa Hippo, mji wa bandari uitwao sasa Annaba, walimkamata kanisani wakataka awe padri wao. Yeye alilia, lakini alikubali. Baada ya miaka michache akawa askofu wao.

Wakati huo dola ilikuwa imekwisha kuugua. Mwaka 376 Wagoti, taifa la Kigermani, walifika kwenye mto Danube wakiwakimbia watu wa Hun, wapanda farasi wakali waliotoka mashariki. Waliomba kimbilio, na Kaisari Valens akawaruhusu kuvuka. Lakini wakubwa wa jeshi la Roma waliigeuza njaa ya wageni hao kuwa biashara: waliwauzia nyama ya mbwa, na malipo yake yalikuwa watoto wao, wachukuliwe utumwani. Wagoti wakaasi, na mwaka 378, karibu na Adrianople, wakalishinda jeshi la Roma na kumwua Kaisari mwenyewe. Hivyo msiba haukuletwa na mikuki ya wageni peke yake. Udhalimu wa wenye nchi uliufungulia mlango. Mwishoni mwa mwaka 406 Wavandali, Waalani na Wasuebi walivuka mto Rhine, na mwaka 409 waliingia Hispania. Majemadari wa Roma, badala ya kulinda mipaka, walipigana wao kwa wao wakigombea kiti cha ufalme, na kodi ziliwalemea wakulima.

Tarehe 24 Agosti 410 Alaric, mfalme wa Wagoti, aliingia Roma. Kwa siku tatu askari wake waliunyang'anya mji ule, ambao kwa karibu miaka 800 haukuwa umetekwa na adui. Hata hivyo waliwaacha salama watu waliokimbilia makanisa ya Mitume Petro na Paulo. Wakimbizi wengi walivuka bahari wakafika Afrika. Wapagani walinung'unika wakisema ya kwamba miungu ya zamani imekasirika kwa kuachwa, na ya kwamba Kristu hakuweza kuulinda mji. Wakristu nao walitikisika, kwa maana wengi walikuwa wamedhani ya kuwa Roma na Eklezya vitasimama au kuanguka pamoja.

Augustino aliona hatari ya mawazo hayo, na mwaka 413 alianza kuandika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu. Alikimaliza mwaka 426, kikiwa na sehemu 22. Humo alionyesha ya kwamba Roma ilipatwa na misiba mingi tangu zamani, hata wakati miungu yake ilipotolewa sadaka kila siku. Alifundisha ya kwamba wako watu wajipendao wenyewe kupita yote, na wako wampendao Mungu kupita yote. Nao wamechanganyika katika kila taifa hata siku ya hukumu. Falme za dunia zina faida yake, maana zinaleta amani kidogo na haki kidogo; lakini zina mwanzo, na mwisho pia. Mkristu aziheshimu na kuzitumikia, bila kuweka humo tumaini lake la mwisho.

Mtu asifikiri ya kwamba askofu huyo alikaa na vitabu tu. Siku nyingi alikaa akiamua magomvi ya watu. Alipokosa fedha za kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini, aliamuru vyombo vitakatifu vya kanisa vivunjwe na kuyeyushwa. Barua yake moja, iliyosahauliwa muda mrefu na kuchapwa mwaka 1981, inaeleza habari za wafanya biashara ya watumwa waliofika Hippo. Watu wenye silaha walivamia vijiji, wakawaua waliowapinga, wakawauza wengine wapelekwe ng'ambo. Waamini wa Hippo waliwaokoa watu wapatao 120 kutoka mikononi mwao. Mahali ambapo sheria ya dola ilikuwa imelegea, Wakristu walisimama badala yake, ijapokuwa wafanya biashara hao walikuwa na wakubwa wa kuwatetea.

Mlinzi wa Afrika alikuwa jemadari Bonifacius, rafiki wa Augustino. Alipofiwa na mke wake alitaka kuwa mtawa, lakini Augustino alimshauri abaki jeshini awalinde watu. Baadaye alioa tena, akagombana na serikali ya Kaisari, na mwaka 427 majeshi ya Roma yalitumwa kupigana naye. Waroma walipokuwa wakipigana hivyo wenyewe kwa wenyewe, mwaka 429 Genseric, mfalme wa Wavandali, alivuka mlango wa bahari wa Gibraltar pamoja na taifa lake lote. Mwandishi Victor wa Vita anasema walihesabiwa 80,000, wazee, watoto na watumwa wakiwamo. Walikuwa wafuasi wa Ario, ambaye alikana ya kwamba Mwana ni sawa na Baba; kwa hiyo waliwaonea hasa mapadri na makanisa ya Wakatoliki.

Ndipo askofu Honoratus alipomwandikia Augustino akiuliza kama ni halali mapadri kukimbia. Jibu la mzee lilikuwa wazi. Adui akimtafuta mtu mmoja tu, na wengine wakibaki kuwahudumia waamini, mtu yule anaweza kukimbia, kama Paulo aliyeteremshwa kwa kikapu huko Dameski. Watu wote wakihamia mahali pa salama, mchungaji aende nao. Lakini kundi likibaki, mchungaji abaki. Nani atawabatiza wanaokimbilia kanisa, nani atawapatanisha wakosefu na Mungu, nani atawafariji wanaokufa? Na kama mapadri wote wanataka kubaki, nao ni lazima wengine waokolewe kwa ajili ya siku za baadaye, basi wapige kura.

Neno hilo alilitimiza mwenyewe. Bonifacius, aliyekuwa amepatana tena na serikali, alishindwa vitani akajifungia ndani ya Hippo. Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji kwa nchi kavu na kwa bahari. Possidius, askofu wa Calama, rafiki wa Augustino kwa karibu miaka 40, alikuwamo ndani, naye ndiye aliyetuandikia habari hizi. Mwezi wa tatu Augustino alishikwa na homa. Mtu mmoja alimletea mgonjwa ili amwekee mikono. Mzee alijibu kwa upole ya kwamba, kama angekuwa na uwezo huo, angejiponya mwenyewe kwanza. Lakini alipoombwa tena alimwekea mikono, na mgonjwa akaenda zake mzima. Aliagiza zaburi za kitubio ziandikwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake, akazisoma akilia. Siku kumi za mwisho hakutaka kuonana na watu, ila waganga na waliomletea chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti 430, mwenye miaka 75. Hakuacha wasia wa mali, maana hakuwa na mali. Aliagiza tu vitabu vya kanisa vitunzwe.

Wavandali waliuzingira mji miezi 14. Baadaye uliachwa na wenyeji, na sehemu yake ikateketezwa. Mwaka 439 Genseric aliteka Karthago, na Roma ikapoteza ngano na kodi za Afrika. Mwaka 455 aliinyang'anya Roma yenyewe, na mwaka 476 Kaisari wa mwisho wa magharibi aliondolewa. Ufalme wa Wavandali nao haukudumu: mwaka 534 ulikuwa umekwisha.

Lakini vitabu vya Augustino viliokoka, navyo vinasomwa hata leo. Hakuweza kuizuia dola isianguke. Alichoweza ni kufundisha, kukomboa mateka, kufariji waliohofu, na kubaki. Sisi pia hatujui nyakati zitatuletea nini. Lakini kila mmoja wetu anawajua watu aliokabidhiwa, basi asiwaache.