Robert Morris, mlinzi wa maneno ya siri aliyezidiwa na mwanawe

USIKU wa Novemba 2, 1988, tarakilishi za vyuo vikuu na vituo vya utafiti nchini Marekani zilianza kulemewa moja baada ya nyingine. Wasimamizi wa mitambo walikuta mashine zikihangaika na kazi ambazo hakuna aliyezituma. Walipoizima moja na kuiwasha upya, haukupita muda kabla ya kulemewa tena.

Siku chache baadaye ilibainika kwamba programu hiyo, ambayo wataalamu waliiita mnyoo kwa jinsi ilivyojisambaza yenyewe, ilikuwa kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell mwenye umri wa miaka 22, Robert Tappan Morris. Hilo pekee lilitosha kuwa habari kubwa. Lakini kilichowaduwaza wengi ni jina la babake.

Robert Morris mkubwa wakati huo alikuwa mwanasayansi mkuu wa Kituo cha Kitaifa cha Usalama wa Tarakilishi, tawi la NSA, shirika la kijasusi la Marekani linalohusika na mawasiliano ya siri. Isitoshe, yeye ndiye aliyekuwa amebuni mbinu ambayo mfumo endeshi wa Unix uliitumia kuhifadhi maneno ya siri. Mwanawe alikuwa ameutikisa mlango uliotiwa kufuli na mzazi wake.

Morris alizaliwa mjini Boston mnamo Julai 25, 1932. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Harvard na kufuzu mwaka wa 1957, kisha akapata shahada ya uzamili mwaka uliofuata. Mnamo 1960 alijiunga na Maabara ya Bell, ambako Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda Unix mwaka wa 1969. Morris alichangia programu za kukokotoa hesabu, lakini jina lake lilishikamana zaidi na ulinzi.

Mifumo mingi ya awali iliweka maneno ya siri katika faili jinsi yalivyo, kwa matumaini kwamba hakuna ambaye angelifikia. Matumaini hayo yaliambulia patupu katika taasisi ya MIT katika miaka ya 1960. Kutokana na hitilafu, faili la maneno ya siri lilibadilishana nafasi na tangazo la siku, na kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa siri za wenzake wote.

Morris alifuata njia tofauti, ambayo wazo lake la msingi lilikuwa limejitokeza Cambridge, Uingereza: acha faili lisomwe na yeyote, mradi kilichomo kisimfae mwizi. Neno la siri lingefumbwa kwa hesabu isiyoweza kurejeshwa nyuma. Mtumiaji alipoingia, alichokiandika kilifumbwa vilevile na matokeo kulinganishwa.

Jaribio la kwanza liliiga mtambo wa kijeshi wa M-209 wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kasoro yake ilikuwa kasi. Hesabu inayokamilika upesi humpa mwizi nafasi ya kubahatisha maneno mengi kwa muda mfupi. Kwa hiyo ikatumiwa mbinu ya DES, iliyorudiwa mara 25 ili makusudi ichelewe. Kisha ikaongezwa kile walichokiita chumvi, namba ya nasibu yenye uwezekano wa aina 4,096, hivi kwamba hata watu wawili wakichagua neno lilelile, yanayohifadhiwa hayafanani. Chumvi hiyo ilimzuia mwizi kuandaa orodha moja ya majibu ya kuwanasa wote.

Mnamo 1979, Morris na Thompson walichapisha makala ya kitaalamu iliyoeleza mbinu nzima, bila kuficha kitu. Humo walieleza pia walichokigundua walipokusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji. Maneno 2,831, yaani asilimia 86, yangeweza kupatikana bila jasho jingi. Kumi na tano yalikuwa herufi au alama moja tu! Mengine 492 yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Kufuli ilikuwa imara. Waliopewa funguo ndio waliozembea.

Miaka tisa baadaye, mnyoo wa kijana ulipita hapohapo. Ulitumia kasoro katika sendmail, programu ya kusafirisha barua, na katika huduma ya finger. Kadhalika ulisoma faili la maneno ya siri na kujaribu majina ya watumiaji, majina hayo yakiandikwa kinyumenyume, orodha yake ya maneno 432, na hatimaye kamusi ya mashine yenyewe. Onyo la baba lilikuwa limegeuzwa kuwa zana. Waliosema mtoto wa nyoka ni nyoka walimwonea mzee, ila yaelekea hawakukosa wasikilizaji.

Uharibifu ulizidishwa na uamuzi mmoja. Mnyoo ulipokuta mwenzake katika mashine, mara moja kati ya saba uliendelea kuishi vivyo hivyo, na nakala zikarundikana. Ilikadiriwa kwamba mashine 6,000 ziliathiriwa, takriban moja kwa kila kumi zilizokuwa mtandaoni.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Berkeley, waliounda toleo la BSD la Unix lililoshambuliwa, walikuwa na msimbo wake mikononi. Kufikia siku iliyofuata walikuwa wameanza kusambaza marekebisho.

Mnamo 1990 kijana alipatikana na hatia, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, kazi ya kijamii ya saa 400 na faini ya dola 10,050. Baadaye akawa profesa wa MIT. Babake alisalia NSA hadi alipostaafu mwaka wa 1994.

Wasimamizi wa mifumo waliyahamisha maneno yaliyofumbwa hadi faili linalosomwa na msimamizi pekee, utaratibu unaotumika katika Linux. DES ilizeeka kadiri mashine zilivyoongeza kasi, na mnamo 1999 waundaji wa OpenBSD, mfumo wa programu huria, wakaeleza mbinu ya bcrypt, ambayo uzito wa hesabu yake huweza kuongezwa. Chumvi haikuondolewa.

Morris alifariki Juni 26, 2011, mjini Lebanon, jimbo la New Hampshire, akiwa na umri wa miaka 78.

Mnamo 2019, wapenzi wa historia ya Unix walilifungua faili kongwe la BSD lenye maneno ya siri ya waanzilishi. Mengi yalianguka upesi. La Thompson, mwandishi mwenzake Morris, lilihitaji siku kadhaa za kazi ya kifaa cha kisasa. Lilikuwa hatua ya ufunguzi katika mchezo wa sataranji.