Hans Spemann na Mayai ya Salamanda

Salamanda ni mnyama wa jamii ya chura. Ngozi yake ni laini na yenye unyevu, lakini ana mkia mrefu, hata mtu amwonaye kwa mara ya kwanza hudhani ni mjusi. Katika Afrika Mashariki hatuna salamanda. Huko Ulaya wako wa aina nyingi, na baadhi yao hutaga mayai majini wakati baridi inapokwisha. Yai moja ni dogo kuliko punje ya mtama, nalo limezungukwa na ute unaopitisha nuru. Kwa hiyo mtu aweza kutazama kwa hadubini jinsi seli moja inavyogawanyika kuwa mbili, kisha nne, kisha nane, mpaka kiinitete kinapopata kichwa na mkia.

Lakini seli hizo zinajuaje ipi iwe jicho na ipi iwe ngozi ya tumbo? Swali hili ndilo lililomshughulisha Hans Spemann karibu maisha yake yote.

Spemann alizaliwa tarehe 27 Juni, 1869, katika mji wa Stuttgart, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchapishaji wa vitabu. Hans alipomaliza shule alimsaidia baba yake katika biashara kwa mwaka mmoja, akatumikia jeshi, kisha akaenda kusomea utabibu. Baadaye aliuacha utabibu akafuata elimu ya wanyama katika chuo kikuu cha Würzburg, akapata shahada ya udaktari mwaka 1895.

Mwaka uliofuata aliugua kifua kikuu, akalazimika kukaa mbali na kazi mpaka apone. Huko alisoma kitabu cha mtaalamu August Weismann. Weismann aliamini kwamba yai linapogawanyika, maagizo ya kuujenga mwili nayo hugawanywa, kila seli ikapata fungu lake tu. Spemann hakuridhika kuamini tu. Alitaka kujaribu.

Je, alitumia chombo gani? Kwa kufunga yai dogo namna ile, uzi ni mnene mno. Spemann alichukua unywele mwororo wa mtoto wake mchanga, akafanya kitanzi, akakivisha yai la salamanda lililokwisha gawanyika kuwa seli mbili, kisha akakikaza polepole. Alipokaza mpaka seli zikatengana, mara nyingine alipata salamanda wawili wadogo, kila mmoja mzima. Basi maagizo hayakuwa yamegawanywa! Alipokaza nusu tu, aliweza kupata kiinitete chenye vichwa viwili na mwili mmoja.

Hata hivyo, mara nyingine nusu moja ilitoa salamanda mzima, na nusu ya pili ikatoa bonge tu la seli za tumbo, lisilo na kichwa wala uti wa mgongo. Mtu mwingine angeyatupa mabonge hayo na kuyasahau. Spemann aliyafikiria kwa miaka mingi. Aliona kwamba lazima upande mmoja wa yai una kitu ambacho upande wa pili hauna.

Mwaka 1919 akawa profesa wa elimu ya wanyama katika mji wa Freiburg. Hapo alikuja mwanafunzi wa kike aliyeitwa Hilde Pröscholdt, ambaye alipoolewa aliitwa Hilde Mangold. Spemann alimpa kazi ngumu kuliko zote. Kiinitete kikiwa bado ni mfano wa mpira mdogo, hutokea tundu ambalo seli huingilia ndani. Hilde alikata kipande cha ukingo wa juu wa tundu hilo kwa sindano nyembamba ya kioo, akakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Kipande kilitoka kwa salamanda mweupe, na aliyekipokea alikuwa wa rangi nyeusi, ili seli za kila mmoja zitambulike.

Salamanda hutaga kwa majira tu, na viinitete vilivyopasuliwa vilikufa kwa wingi. Hilde alifanya majaribio kwa mamia. Yaliyofaulu yalikuwa machache. Lakini hayo machache yalitosha. Tumboni pa mpokeaji kiliota kiinitete cha pili chenye uti wake wa mgongo, na sehemu kubwa ya seli zake zilikuwa nyeusi! Kile kipande kidogo kilikuwa kimeziamuru seli za mwenyeji wake kujenga mwili mpya. Spemann alikiita kwa jina lenye maana ya mpanga kazi.

Taarifa ya ugunduzi huo ilichapishwa mwaka 1924. Jina la Spemann lilitangulia, ingawa mikono iliyopasua na kupandikiza ilikuwa ya Hilde. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo jiko lililipuka nyumbani kwake, akaungua na kufa akiwa na umri wa miaka 25, akaacha mtoto mchanga.

Mwaka 1935 Spemann alipewa Tuzo ya Nobel peke yake, kwa ugunduzi huo. Miaka mitatu baadaye alipendekeza jaribio jingine: kuchukua kiini cha seli ya kiinitete na kukitia katika yai lililoondolewa kiini chake. Hakujua lifanyweje, naye alifariki mwaka 1941. Mwaka 1952 wataalamu wawili wa Marekani, Robert Briggs na Thomas King, walilifanya kwa mayai ya chura, wakapata viluwiluwi.